Mwasho Ulioletwa na Tiba: Uchambuzi wa Kisa cha Uchafu Ukeni Uliokuwa Ukirudi

Kisa kinachochambuliwa hapa kimetungwa kwa ajili ya kufundishia, kutokana na mambo yanayojirudia katika vituo vya afya vya pwani ya Tanzania. Mgonjwa anayeelezwa si mtu mmoja anayeweza kutambuliwa, ila dalili zake, vipimo vyake na dawa alizopewa ni zile ambazo tabibu wa eneo hilo amezizoea. Kimechaguliwa kwa sababu kinaonesha jinsi uke unavyoweza kuwa na tatizo lisilo na uvimbe (yaani ngozi au utando kuwaka na kutuna), kisha uvimbe ukaja baadaye kwa mkono wa tiba yenyewe, na kila anayemhudumia mgonjwa akaushughulikia uvimbe huo akidhani ndio ugonjwa.

Historia ya mgonjwa

Mama wa miaka 32, fundi cherehani wa mjini Tanga, mwenye mume na watoto wawili, alifika kituo cha afya akieleza kwamba kwa miezi saba amekuwa akitokwa na uchafu ukeni, na kwamba kwa miezi mitatu ya mwisho anawashwa na kuungua sehemu za siri kiasi cha kushindwa kukaa kwenye cherehani kwa muda mrefu. Kwa uzazi wa mpango alitumia kitanzi cha madini ya shaba, alichowekewa baada ya kujifungua mtoto wa pili. Hedhi yake ilikuwa ya kawaida, hakuwa na homa wala maumivu ya chini ya kitovu, na hakuwa na mwanamume mwingine zaidi ya mume wake. Alikuwa amekwisha kutibiwa mara nne.

Mpangilio wa tiba hizo nne una maana kubwa katika kisa hiki. Mara ya kwanza alikwenda duka la dawa muhimu la mtaani kwake, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba anatokwa na uchafu, akapewa dawa za fangasi: kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150 na vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni. Hakupata nafuu. Mara ya pili alirudi dukani hapohapo, akapewa dawa zilezile pamoja na krimu ya kupaka. Mara ya tatu alikwenda zahanati, akatibiwa kwa kufuata dalili, bila vipimo vya maabara: sindano ya seftriaksoni na doksisaiklini ya siku saba kwa ajili ya kisonono na klamidia, na metronidazoli gramu 2 za kumeza kwa mkupuo. Harufu ilipungua kwa wiki chache, kisha ikarudi. Mara ya nne alipewa flukonazoli tena, kwa kuwa sasa alikuwa akilalamikia mwasho. Katikati ya safari hizo, kwa ushauri wa jirani na wa somo yake, alikuwa ameanza kujiosha ndani ya uke kwa sabuni ya kufulia asubuhi na jioni, baadaye akaongeza maji ya limau, na hatimaye maji yaliyoyeyushiwa shabu, ambayo aliambiwa hukausha na kubana. Katika tiba zote nne hakuna aliyemlaza kitandani akamwangalia kwa spekula, kifaa cha kufungulia uke ili uonekane ndani, na hakuna aliyemuuliza kuhusu kujiosha. Yeye mwenyewe hakulitaja jambo hilo, kwa sababu hakulihesabu kuwa dawa. Kwake ulikuwa usafi.

Muuguzi aliyempokea, mama wa makamo, aliuliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lililofungua kisa hiki kuliko kipimo chochote kilichofuata. Alimwambia, "Mwanangu, tuache hizi dawa kwanza. Siku ya kwanza kabisa, kabla hujaweka kitu chochote huko chini, ulihisi nini?" Jibu lilikuwa fupi: "Harufu tu, mama. Kuwashwa hakukuwapo." Alipoulizwa ni harufu ya namna gani, alisema ni ya shombo, kama ya samaki walioachwa bila barafu, na kwamba ilizidi mara baada ya kukutana na mume wake na siku za mwisho za hedhi. Ute wenyewe ulikuwa mwepesi, mweupe unaoelekea kijivu, ukilowesha nguo ya ndani.

Hapo palikuwa na magonjwa mawili yaliyokuwa yakielezwa kama moja. Lililoanza lilikuwa harufu na ute mwepesi bila mwasho. Lililofuata, miezi minne baadaye, lilikuwa mwasho, kuungua na ngozi kuchubuka. Mtu akimsikiliza mgonjwa kuanzia mwisho, kama walivyofanya wahudumu waliotangulia, atasikia neno "nawashwa" na mkono wake utakwenda moja kwa moja kwenye dawa ya fangasi.

Kinachotokea ukeni

Ili kuelewa kwa nini mpangilio wa dalili una uzito, inafaa kukumbuka kwamba uke wenye afya wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa una tindikali, pH yake (kipimo ambacho hushuka kadiri tindikali inavyozidi) ikiwa kati ya 3.8 na 4.5. Tindikali hiyo haitoki mwilini mwa mwanamke moja kwa moja. Homoni ya estrojeni huufanya utando wa uke kuwa mnene na wenye akiba ya glaikojeni, akiba hiyo huvunjwa kuwa sukari, na bakteria wa jamii ya Lactobacillus huigeuza sukari hiyo kuwa asidi laktiki. Bakteria hao wakiwa wengi, vijidudu vingine hupata shida kustawi. Ndiyo maana mwanamke aliyekoma hedhi, na wakati mwingine anayenyonyesha, ambaye estrojeni yake imeshuka, anaweza kupata ukavu, kuungua na uvimbe wa uke bila maambukizi yoyote. Dawa za kuua vijidudu kwake huwa hazina kazi.

Bakteria hao walinzi wakipungua na nafasi yao kuchukuliwa na kundi kubwa la bakteria wengine wasiopenda oksijeni, akiwamo Gardnerella vaginalis aliyehusishwa na hali hii na Gardner na Dukes mwaka 1955, pH hupanda na harufu ya shombo hujitokeza. Harufu hiyo hutokana na kemikali za jamii ya amini, ambazo hugeuka kuwa hewa pale mazingira yanapopoteza tindikali. Shahawa na damu ya hedhi zote zina pH ya juu ya 7, na kwa hiyo mgonjwa anaposema harufu huzidi baada ya tendo la ndoa na wakati wa hedhi, anaeleza mwenendo wa kikemia ambao maabara huurudia kwa makusudi kwa tone la hidroksidi ya potasiamu. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba hali hii, iitwayo mvurugiko wa bakteria wa uke, licha ya kuwa ndiyo sababu inayoongoza ya uchafu ukeni, kwa kawaida haileti uvimbe. Kuta za uke hubaki na rangi yake, na chembe nyeupe za damu, ambazo ni dalili ya mwili kupigana na uvamizi, huwa chache chini ya hadubini.

Fangasi wa jamii ya Candida hufuata njia tofauti kabisa. Huishi vizuri katika tindikali, hivyo pH hubaki ya kawaida; ute huwa mzito kama maziwa yaliyoganda, hauna harufu, na mwasho ndio unaotawala. Trikomonasi, kimelea chenye mikia kilichoonwa na Donné mjini Paris mwaka 1836, huambukizwa kwa ngono, huleta ute wa njano au kijani wenye povu na harufu, hupandisha pH, na huacha uvimbe wa kweli wenye chembe nyeupe nyingi. Hali hizi tatu ndizo zinazotibiwa kila siku kwa neno moja la "uchafu", na dawa inayofaa moja haifai nyingine.

Uchunguzi

Ngozi ya nje ilikuwa imekauka, yenye magamba na mipasuko myembamba. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi kama vitabu vingi vinavyoeleza. Kilichoonekana kwa mgonjwa huyu ni weusi uliokolea na mng'ao wa ngozi iliyotuna, ukiishia mahali ambapo povu la sabuni na krimu hufika. Mpaka huo ulikuwa na maana, kwa sababu fangasi haipendi kufuata mpaka wa mahali mtu anapopaka. Kwa kawaida huingia kwenye mikunjo na kuacha vipele vidogo vilivyotapakaa nje ya eneo kuu. Hapa havikuwapo.

Spekula iliwekwa ikiwa imeloweshwa maji tu, kwa kuwa mafuta ya kulainisha huharibu usomaji wa pH. Karibu na mlango wa uke utando ulikuwa umeathirika kama ngozi ya nje, lakini kadiri mtu anavyoingia ndani ndivyo ulivyokuwa wa kawaida, ukiwa umefunikwa na ute mwembamba wa kijivu unaoshikamana na kuta. Shingo ya kizazi ilikuwa safi, bila usaha na bila kutoka damu ilipoguswa. Nyuzi za kitanzi zilionekana mahali pake. Upimaji kwa mikono miwili haukuonesha maumivu ya kizazi wala ya mirija, jambo lililoondoa hofu ya maambukizi ya viungo vya ndani ya nyonga, ambayo yangebadilisha tiba yote na haraka yake.

Sampuli ya pH ilichukuliwa kwenye ukuta wa pembeni wa uke, si kwenye shingo ya kizazi ambako ute wake wenyewe hupandisha kipimo. Karatasi ilisoma juu kidogo ya 5. Tone la hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 lilipowekwa kwenye ute, harufu ya shombo ilisikika kabla kioo hakijafikishwa puani.

Kisha kilikuja kipande cha kazi kilichochukua dakika chache na kumaliza ubishi. Ute uliochanganywa na maji ya chumvi uliwekwa kwenye kioo na kusomwa papo hapo, kwenye hadubini ileile inayosoma damu ya malaria, kwanza kwa lenzi ya 10 kisha ya 40. Haraka hiyo si ya kupuuzwa: trikomonasi hutambuliwa kwa mwendo wake wa kurukaruka, na kioo kikikaa kwenye foleni ya maabara kikapoa, kimelea husimama na kufanana na chembe nyeupe ya damu. Hata kikisomwa upesi, kipimo hiki hukosa sehemu kubwa ya wagonjwa wenye trikomonasi, hivyo kutokuonekana kwake si uthibitisho kwamba hayupo. Kwa mgonjwa huyu hakuonekana. Seli za utando wa uke, nyingi kuliko moja katika kila tano, zilikuwa zimefunikwa na bakteria hadi kingo zake zikapotea. Chembe nyeupe zilikuwa chache. Bakteria wenye umbo la fimbo ndefu, ambao ndio walinzi, hawakuonekana. Kwenye kioo cha pili chenye hidroksidi ya potasiamu, ambayo huyeyusha seli na kuacha fangasi peke yake, hakukuwa na nyuzi wala machipukizi ya Candida.

Kwa vigezo vya Amsel vya mwaka 1983, vinavyohitaji mambo matatu kati ya manne, yaani ute mwepesi wa kijivu, pH inayozidi 4.5, harufu ya amini na seli zilizofunikwa na bakteria, mgonjwa alikuwa na yote manne. Kipimo cha ujauzito, cha VVU na cha kaswende vilikuwa hasi, na sukari ya damu ilikuwa ya kawaida. Sukari ilipimwa kwa sababu mwasho unaorudi kila mara wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza ya kisukari, na ingekuwa aibu kuukosa kwa kipimo cha tone moja la damu.

Uchambuzi

Hitimisho la kwanza ni kwamba mgonjwa alikuwa na mvurugiko wa bakteria wa uke tangu mwanzo, na kwamba dawa ya fangasi aliyopewa mara tatu haikuwa na njia yoyote ya kuugusa. La pili, ambalo lilihitaji ujasiri zaidi kulitamka, ni kwamba uvimbe uliomleta kituoni ulitokana na sabuni, limau, shabu na pengine krimu yenyewe. Hoja za kulitetea ni nne na zinaungana: mwasho ulianza baada ya kujiosha kuanza na si kabla, uvimbe ulikuwa mkali nje na karibu na mlango, ukififia ndani, mipaka yake ilifuata mahali vitu hivyo vinapofika, na chini ya hadubini hapakuwa na fangasi wala chembe nyeupe nyingi.

Lazima ikubalike kwamba hoja dhidi ya fangasi haikuwa kamili. Hadubini hukosa baadhi ya maambukizi ya Candida, na aina isiyo ya kawaida kama glabrata haitoi nyuzi, huweza kuvumilia flukonazoli, na hivyo ingeweza kujificha nyuma ya tiba tatu zilizoshindwa. Kuotesha vimelea maabara kungejibu swali hilo. Kituo hakikuwa na uwezo huo, na tabibu aliamua, kwa maoni yangu kwa busara, kwamba kuondoa vitu vinavyokera ngozi kwa wiki mbili ni kipimo pia: kama mwasho ungebaki, sampuli ingepelekwa hospitali ya mkoa. Upande wa pili wa jambo hilo nao una uzito, kwa kuwa mwanamke mmoja kati ya kumi au zaidi hubeba Candida bila dalili yoyote, na maabara ikiandika "fangasi imeonekana" haijasema bado kwamba fangasi ndiyo inayomsumbua.

Imani kwamba kila mwasho ni fangasi haipatikani Tanga peke yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwachunguza wanawake 95 waliokuwa wakijinunulia dawa ya fangasi dukani kwa kujitambua wenyewe, na ni takriban theluthi moja tu waliokutwa nayo kweli bila tatizo jingine. Kwa hiyo si haki kumcheka muuza dawa wa mtaani, ambaye hana kitanda wala spekula na anayeelezwa tatizo kwa mnong'ono mbele ya wateja wengine.

Kuhusu limau, kuna mantiki inayoonekana nzuri: kama uke unahitaji tindikali, kwa nini usiongezewe? Lakini maji ya limau yana pH ya takriban 2, makali kuliko kitu chochote ambacho utando ule umeumbwa kuvumilia, na tindikali inayomiminwa kutoka nje huondoka haraka bila kuwarudisha bakteria wanaoitengeneza. Sabuni ya kufulia hufanya kinyume chake, kwa kuwa ni kali upande wa alkali. Hupandisha pH na kuyeyusha mafuta yanayolinda ngozi. Mama huyu alikuwa akiupeleka uke wake kutoka ncha moja ya kipimo hadi nyingine mara mbili kwa siku. Tafiti nyingi, zikiwamo za Afrika Mashariki, zimehusisha kuosha ndani ya uke na mvurugiko uleule wa bakteria, hivyo kila alivyoosha ili kuondoa harufu ndivyo alivyoyaandaa mazingira ya harufu kurudi.

Sehemu ya zahanati katika kisa hiki inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu tiba ya kufuata dalili haikubuniwa kwa uzembe. Jaribio kubwa lililofanyika mkoani Mwanza kati ya mwaka 1991 na 1994, likihusisha jamii 12, lilionesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono katika zahanati za kawaida, bila maabara kubwa, kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Ni moja ya kazi za kiafya ambazo Tanzania inaweza kujivunia mbele ya dunia. Lakini nguvu ya njia hiyo iko zaidi kwenye vidonda na kwenye usaha wa wanaume. Kwa uchafu wa ukeni ni dhaifu, kwa sababu wengi wa wanaolalamikia hali hiyo hawana kisonono wala klamidia, na wengi wenye magonjwa hayo mawili hawalalamiki. Mgonjwa huyu alipewa dawa za magonjwa ambayo dalili zake hazikuyaashiria, na dawa pekee iliyomfaa, metronidazoli, alipewa kwa mkupuo mmoja, kipimo ambacho kwa mvurugiko wa bakteria hakifanyi kazi vizuri kama cha siku saba.

Jambo jingine lililofikiriwa na kuwekwa kando ni kichocho cha via vya uzazi, ambacho katika ukanda wa pwani, visiwani Zanzibar na kusini mwa Ziwa Viktoria hakipaswi kusahaulika kwa mwanamke mwenye uchafu usiosikia dawa, hasa kama ameoga au kufua kwenye madimbwi na mito tangu utotoni. Huacha mabaka yenye chembechembe kama mchanga kwenye shingo ya kizazi na kuta za uke, na hutokwa damu kwa urahisi. Spekula ilikuwa imekwisha kujibu.

Tiba

Mgonjwa alipewa metronidazoli miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa siku saba, akaelezwa mapema kwamba atahisi ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu, kwa kuwa wengi huiacha dawa siku ya tatu wakidhani inawadhuru. Siku hizo saba pia ni tiba ya trikomonasi, na hivyo zilifunika ule uwezekano ambao hadubini haikuweza kuufuta. Kwa ngozi aliambiwa aache kila kitu: sabuni, limau, shabu, udi wa kujifukiza, krimu za fangasi na pedi zenye manukato. Aoshe nje tu kwa maji, ajipake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, na kwa siku chache za mwanzo atumie krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 kwa kiasi kidogo.

Kumshawishi aache kujiosha ndani kulichukua muda mrefu kuliko uchunguzi wote. Kwa mwanamke wa pwani usafi ni heshima, ni sehemu ya ibada na ya ndoa, na kumwambia aache bila kumpa maelezo ni sawa na kumwambia akae mchafu. Muuguzi hakumkemea wala kumlaumu somo. Alimweleza kwamba kutawadha na kuoga janaba havidai kuingiza sabuni ndani, na kwamba ute mweupe mchache usio na harufu, unaobadilika kadiri mwezi unavyokwenda, ni wa mwili wenyewe.

Lililobaki ni la nyumbani. Mume alikuwa amemwambia kwamba harufu ile ameitoa nje, na kwa wiki kadhaa walikuwa wakilala vyumba tofauti. Tabibu aliomba waje wote wawili. Alimweleza mume kwamba hali ya mke wake haiwezi kutumika kama ushahidi wa uzinzi, kwamba takriban robo ya wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara wakipimwa hukutwa nayo, wengi bila dalili na bila kuhitaji dawa, ingawa tendo la ndoa lina mchango wake katika kuileta na kuirudisha. Angekuta trikomonasi, mazungumzo yangekuwa mengine na mume angetibiwa siku hiyohiyo.

Kurudi kwa hali ile

Baada ya wiki mbili ngozi ilikuwa imepona karibu yote, mwasho umekwisha, na pH ilisoma chini ya 4.5. Kupona kwa mwasho bila dawa yoyote ya fangasi ndiko kulikothibitisha hitimisho la pili kuliko hoja zote nne zilizotajwa juu.

Miezi mitatu baadaye harufu ilirudi, bila mwasho. Vipimo vilirudiwa na kuonesha mvurugiko uleule. Halikuwa jambo la kushangaza, kwani utafiti wa Melbourne uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta zaidi ya nusu ya wanawake waliotibiwa hali hii wakiwa nayo tena ndani ya mwaka mmoja. Bakteria hawa hujishikiza kwenye utando kwa tabaka la pamoja linalozuia dawa kupenya, na sasa inaonekana kwamba baadhi huhifadhiwa kwa mwenza. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Australia uliohusisha wapenzi 164, ambao wanaume wa kundi moja walipewa metronidazoli ya kumeza miligramu 400 na krimu ya klindamaisini ya asilimia 2 ya kupaka uumeni, zote mara mbili kwa siku kwa siku saba. Ndani ya wiki 12 hali ilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake ambao wenza wao walitibiwa, ikilinganishwa na asilimia 63 ya wengine.

Je, matokeo hayo yanahamia Tanga? Wanaume wengi wa utafiti ule hawakuwa wametahiriwa, ilhali mume wa mgonjwa huyu ametahiriwa tangu utotoni kama ilivyo desturi ya pwani, na jaribio la Rakai nchini Uganda, lililochapishwa mwaka 2009, lilikwisha kuonesha kwamba tohara ya mume peke yake hupunguza hali hii kwa wake kwa takriban asilimia 40. Inawezekana, basi, kwamba faida ya kumtibu mume aliyetahiriwa ni ndogo kuliko ile ya Australia. Tabibu aliwaeleza wote wawili hivyo bila kuficha, akaacha uamuzi kwao. Mume ndiye aliyetangulia kusema kwamba atameza. Krimu ya klindamaisini haikuwapo kituoni na ilibidi inunuliwe duka kubwa la dawa mjini, kwa bei ambayo si kila fundi cherehani anaimudu.

Kitanzi hakikutolewa. Baadhi ya tafiti zimehusisha kitanzi cha shaba na mvurugiko wa bakteria, lakini mama huyu anakitegemea, kimemtunza vizuri, na kumtoa kwenye njia anayoiamini kabla ya kujaribu tiba ya wenza wawili kungekuwa kumhamisha kutoka tatizo moja kwenda jingine. Makubaliano yalikuwa kwamba harufu ikirudi tena, ute upakwe rangi ya Gramu, inayotofautisha aina za bakteria, na kuhesabiwa kwa alama za Nugent, zinazolinganisha bakteria walinzi na wengine, katika hospitali ya mkoa kabla ya dawa yoyote, kisha suala la kitanzi lijadiliwe upya. Na kwa kuwa amepita miaka 30 na hajawahi kupimwa dalili za awali za saratani ya shingo ya kizazi, alipangiwa kipimo hicho katika mahudhurio yaleyale ya kufuatilia, baada ya kumaliza dawa.